Barua kwa rafiki: Lee Teng-hui na daftari la wapiga kura la Taiwan

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku ni wazima, na natumaini nanyi huko Muscat hamjambo nyote, wakubwa kwa wadogo. Barua yako ilinifikia salama, na ile sehemu uliyoandika kuhusu Lee Teng-hui, aliyekuwa Rais wa Taiwan, ndiyo iliyonichelewesha kujibu, kwa kuwa sikutaka kukujibu juu juu. Umeandika kwamba aliwapa watu wake demokrasia kama mzazi anavyompa mwanawe zawadi ya Idi, kisha ukaongeza kwamba alikuwa kinyonga, aliyeugeuza utaifa wa Wataiwan ili ajipatie kura. Kwa maoni yangu umemsifu kwa jambo asilolifanya, na umemlaumu kwa jambo ambalo, likitazamwa kwa makini, ndilo zito kuliko yote aliyoyatenda.

Nianze na asili yake, maana inaeleza mengi. Alizaliwa tarehe 15 Januari 1923 huko Sanzhi, kaskazini mwa kisiwa, wakati Taiwan ilikuwa koloni la Japani tangu mwaka 1895. Baba yake alikuwa askari polisi katika utawala huo. Yeye mwenyewe alichukua jina la Kijapani, Iwasato Masao, akasomea uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto, na vita vilipopamba moto akavaa sare za jeshi la Japani akiwa luteni usu. Kaka yake alifia Manila mwaka 1945 akiwa katika jeshi la majini la Japani. Japani iliposhindwa, kisiwa kikakabidhiwa kwa serikali ya China iliyoongozwa na chama cha Kuomintang, na haukupita muda mrefu wenyeji wakaonja ukali wake: maandamano yaliyoanza tarehe 28 Februari 1947 yalizimwa kwa risasi, na maelfu ya watu wakauawa. Kwa hiyo kabla hajatimiza miaka 25, Lee alikuwa ameishi chini ya dola mbili, na zote mbili zilimwambia yeye ni nani bila kumuuliza.

Mwaka 1949 Chiang Kai-shek, kiongozi wa Kuomintang, alishindwa na Wakomunisti huko China bara, akahamia Taiwan pamoja na jeshi lake, serikali yake na watu wasiopungua milioni moja. Hapo ndipo lilipojengwa jambo ambalo bila kulielewa huwezi kumwelewa Lee. Serikali ile ilijiita serikali halali ya China yote. Lilikuwapo Bunge la Taifa lililochaguliwa mwaka 1947, lenye wajumbe karibu 3,000 kutoka kila jimbo la China, na bunge hilo ndilo lililomchagua Rais. Baada ya bara kuchukuliwa, ikaamuliwa kwamba wajumbe wale wabaki vitini mpaka majimbo yao yatakapokombolewa, kwa sababu waliowapigia kura wamo mikononi mwa waasi. Majimbo hayakukombolewa. Wajumbe wakazeeka wakiwa ndani ya bunge, wakawa wanaletwa kwenye kura kwa viti vya magurudumu, na aliyefariki mara nyingine aliachia nafasi yake mtu aliyekuwa ameshindwa katika uchaguzi ule ule wa zamani. Sheria ya kijeshi ilitangazwa Mei 1949 na haikuondolewa mpaka tarehe 15 Julai 1987. Wenyeji, ambao walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya wakazi, waliruhusiwa kuchagua madiwani na mameya wa miji midogo, na baadaye viti vichache vya nyongeza bungeni. Nani aitawale nchi halikuwa swali lao.

Hapa nasi Watanzania tuna sehemu yetu, ingawa ni ndogo. Tarehe 25 Oktoba 1971 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi 76 zilizopiga kura katika Umoja wa Mataifa ili kiti cha China kikabidhiwe Beijing, na wazee wetu walilisherehekea jambo hilo kama ushindi wa nchi za Dunia ya Tatu. Sisemi walikosea, serikali ya Taipei kudai kuwa inawawakilisha watu wa Henan na Sichuan, majimbo ya China bara, ilikuwa kichekesho. Lakini kura ile iliuvua uongo huo nje tu. Ndani ya kisiwa uliendelea kwa miaka 20 zaidi, na wanaodai uwakilishi wa Sichuan wakaendelea kuwatungia sheria wakulima wa Tainan, kusini mwa Taiwan, ambao hawakuwachagua.

Sasa nije kwenye zawadi yako. Lee aliingizwa serikalini na Chiang Ching-kuo, mwana wa Chiang Kai-shek, aliyehitaji wenyeji wenye elimu baada ya kuona kwamba chama cha wageni hakiwezi kuishi milele kwa mabavu. Lee alikuwa mtaalamu wa kilimo mwenye shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, mtu mkimya, Mkristo wa Kanisa la Presbiteri, asiye na kundi ndani ya chama. Alifanywa waziri mwaka 1972, meya wa Taipei mwaka 1978, gavana wa jimbo la Taiwan mwaka 1981, na Makamu wa Rais mwaka 1984. Katika miaka hiyo yote sijaona popote alipofungua kinywa kuwatetea waliofungwa. Waliofanya kazi hiyo ni wengine: waliokamatwa baada ya maandamano ya Kaohsiung ya tarehe 10 Desemba 1979, mawakili waliowatetea mahakamani, wake zao waliogombea viti wakati waume wako gerezani, na wale waliokusanyika katika hoteli moja ya Taipei tarehe 28 Septemba 1986 wakatangaza Chama cha Maendeleo ya Kidemokrasia wakati kuanzisha chama kulikuwa kosa la jinai. Chiang Ching-kuo hakuwakamata, na mwaka uliofuata akaondoa sheria ya kijeshi. Alipofariki tarehe 13 Januari 1988 na Lee akaapishwa siku hiyo hiyo, mlango ulikuwa umeshasukumwa na watu wengi.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaomsifu Lee hulipita haraka. Cheng Nan-jung, mhariri wa gazeti la kila wiki, alichapisha rasimu ya katiba ya jamhuri ya Taiwan, akatakiwa ajibu shtaka la uasi, akakataa, akajifungia ofisini mwake kwa wiki kadhaa. Tarehe 7 Aprili 1989 polisi walipokuja kumkamata alijichoma moto akafa. Rais wakati huo alikuwa Lee Teng-hui. Kifungu cha 100 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, kilichoyafanya maneno matupu kuwa uasi, hakikurekebishwa mpaka Mei 1992, baada ya maandamano mengine ya wasomi na wanafunzi. Zawadi gani hiyo, ndugu yangu, ambayo mpokeaji anailipia kwa roho yake?

Hata hivyo nisingependa uelewe kwamba namwona Lee kuwa mtu aliyebebwa na upepo. Alikuwa na ustadi ambao ni wachache wanao, nao ni ustadi wa kuugeuza udhaifu wake kuwa sababu ya kusonga mbele. Alipokuwa Rais hakuwa na jeshi, hakuwa na idara ya usalama, na hata uenyekiti wa chama, ambao katika chama dola ndio wenye nguvu kuliko urais, alikaribia kuukosa. Soong Mei-ling, mjane wa Chiang Kai-shek, aliandika barua akitaka uteuzi wa kaimu mwenyekiti uahirishwe, na Lee alipitishwa baada ya naibu katibu mkuu, James Soong, kusimama kikaoni na kuwakaripia waliokuwa wakisitasita.

Machi 1990 palitokea jambo ambalo lingeweza kumwangusha. Wajumbe wazee wa Bunge la Taifa walikutana kumchagua Rais, na kabla ya kura wakaanza kujiongezea posho na madaraka. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakakaa chini katika uwanja wa jumba la kumbukumbu la Chiang Kai-shek, maelfu kwa maelfu, wakiwa na sanamu ya yungiyungi mwitu kuwa alama yao. Walidai mambo manne: bunge lile livunjwe, Kanuni za Muda za mwaka 1948 zilizoisimamisha Katiba zifutwe, uitishwe mkutano wa taifa wa kujadili mageuzi, na itolewe ratiba. Miezi tisa tu ilikuwa imepita tangu vifaru viingie uwanja wa Tiananmen huko Beijing kuwazima waandamanaji. Lee alichaguliwa na wazee wale tarehe 21 Machi, na jioni ya siku hiyo hiyo akawapokea wawakilishi wa wanafunzi Ikulu, akawaahidi mkutano wa taifa. Mimi hulitazama tukio hili kwa jicho la hesabu za siasa. Madai yale yalikuwa ndiyo anayoyataka, lakini asingeweza kuyatamka ndani ya chama chake bila kuonekana msaliti. Sasa aliweza kurudi kwa wahafidhina na kuwaambia kwamba taifa limesema.

Kisha kuna kisa cha Hau Pei-tsun, ambacho mimi hukirudia kila ninapofikiria namna ya kuliondoa jeshi katika siasa. Jenerali huyu alikuwa Mkuu wa Majeshi kwa miaka minane, na maofisa wote wakuu walikuwa wanafunzi wake au watu wake. Lee alimtoa huko kwa kumpandisha: kwanza Waziri wa Ulinzi, na mwaka 1990 Waziri Mkuu. Wapinzani wakaingia barabarani wakilia kwamba nchi imekabidhiwa kwa mwanajeshi. Lakini ili awe Waziri Mkuu, Hau alilazimika kuvua cheo chake cha kijeshi, na akiwa Waziri Mkuu akawa anajibu maswali ya wabunge, ambao mwisho wa mwaka 1992 walikuwa wamechaguliwa wote upya na wananchi. Mwanzoni mwa mwaka 1993 aliondoka madarakani bila risasi kulia. Ukitaka kuita hila, iite. Ni hila iliyofanya vikosi vibaki kambini.

Sasa utaifa. Juni 1990 majaji wa Katiba waliamua, katika tafsiri yao namba 261, kwamba wajumbe waliochaguliwa miaka ya 1940 wakome kazi kufikia tarehe 31 Desemba 1991. Tarehe 1 Mei 1991 Lee alifuta Kanuni za Muda. Desemba 1991 Bunge la Taifa likachaguliwa upya lote, na Desemba 1992 likafuata bunge la kutunga sheria. Nyongeza za Katiba zilizopitishwa wakati huo zilisema kwamba wajumbe watachaguliwa kutoka eneo huru la nchi, yaani Taiwan, Penghu, Kinmen na Matsu. Katiba yenyewe haikufutwa. Kwa maandishi dola iliendelea kuitwa Jamhuri ya China. Mtoto wa shule aliendelea kuchora ramani inayofika Tibet na Mongolia. Lakini daftari la wapiga kura lilikuwa limeshachora ramani nyingine, na tangu siku hiyo mamlaka ya dola yalitoka kwa watu waliomo katika daftari hilo, hayakutoka kwingine.

Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Wewe unaona kwamba kwanza Lee aliwashawishi watu wajione Wataiwan, kisha akavuna kura. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume chake. Watu walipewa kura ya pamoja kwanza, wakapanga foleni pamoja, wakashindwa na kushinda pamoja, na kutokana na hapo likakua wazo kwamba wao ni jamii moja ya kisiasa. Takwimu zinaniunga mkono, japo si ushahidi wa mwisho. Kituo cha utafiti wa uchaguzi cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Chengchi kimekuwa kikiwauliza watu swali lile lile kwa miaka mingi. Mwaka 1992 waliojiita Wataiwan tu walikuwa kama asilimia 18, na waliojiita Wachina tu walikuwa kama robo. Wengi walijiita vyote viwili. Mwaka 2020, Lee alipofariki, waliojiita Wataiwan tu walizidi asilimia 60. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuja baada ya yeye kutoka Ikulu, wakati hakuwa na redio wala wizara ya kuwahubiria.

Wala utaifa uliojengwa juu ya daftari haukubagua kwa damu, na hapo naona Lee alikuwa na busara kuliko baadhi ya wafuasi wake. Tarehe 28 Februari 1995 aliwaomba radhi, akiwa Rais, familia za waliouawa mwaka 1947. Angeweza kuligeuza kaburi hilo kuwa silaha dhidi ya waliotoka bara, naye hakufanya hivyo. Mwaka 1994 Katiba ilirekebishwa ili watu wa makabila ya asili, waliokuwa kisiwani kabla ya wengine wote, watajwe kwa jina walilolidai wenyewe. Desemba 1998, katika uchaguzi wa meya wa Taipei, alipanda jukwaani na Ma Ying-jeou, mgombea wa chama chake, aliyezaliwa Hong Kong kwa wazazi wa bara, wakazungumza mbele ya umati juu ya Mtaiwan Mpya: yeyote anayekula mchele wa kisiwa na kukijali. Ma alishinda. Ni kweli kwamba maneno yale yalikuwa ya kampeni, lakini mara ngapi umeona kampeni inayomshinda mpinzani kwa kupanua maana ya mwenyeji?

Kinmen na Matsu hunipa shida katika hoja hii, na sitaki kukuficha. Visiwa hivyo viko karibu kabisa na pwani ya jimbo la Fujian huko China bara, havikuwahi kuwa sehemu ya koloni la Japani, na sheria ya kijeshi huko iliondolewa Novemba 1992, miaka mitano baada ya Taiwan kwenyewe. Wakazi wake wamo katika daftari, wanapiga kura, lakini wengi wao hawajioni Wataiwan kama anavyojiona mtu wa Tainan. Daftari linaweza kuwafanya watu kuwa raia wa dola moja bila kuwapa kumbukumbu moja.

Mtihani wenyewe ulikuwa mwaka 1996. Mwaka 1994 Lee alikuwa amehudhuria kuapishwa kwa Mandela huko Pretoria, na katika safari hiyo hiyo Wamarekani walimkatalia kulala Honolulu, ndege yake ilipotua kujaza mafuta. Fedheha ile iliwakasirisha wabunge wa Marekani, na Juni 1995 akaruhusiwa kwenda kuhutubia Cornell. Beijing ikajibu kwa makombora baharini Julai 1995, na tena Machi 1996, safari hii karibu na bandari za Keelung na Kaohsiung, siku chache kabla ya wananchi kumchagua Rais moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Marekani ikatuma makundi mawili ya manowari za kubeba ndege. Tarehe 23 Machi waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 76, na Lee akapata asilimia 54. Aliyemfuata kwa asilimia 21 alikuwa Peng Ming-min, profesa aliyekamatwa mwaka 1964 kwa kuandika tamko la kutaka Taiwan ijitawale, akaitoroka nchi mwaka 1970. Mkimbizi yule na mwenyekiti wa chama kilichomkimbiza walisimama kwenye karatasi moja ya kura. (Mandela naye, kwa taarifa yako, alihamishia uhusiano Beijing kuanzia Januari 1998. Urafiki wa mataifa una mipaka yake.)

Kuhusu kinyonga, sina haja ya kukukatalia kabisa. Mwaka 1990 Lee aliunda baraza la kuunganisha China, na tarehe 9 Julai 1999 aliwaambia waandishi wa redio ya Ujerumani kwamba uhusiano wa Taiwan na bara ni uhusiano wa dola na dola wa aina ya pekee. Ni mtu yule yule. Ninachomlaumu mimi ni kingine. Ili awashinde wahafidhina alijiegemeza kwa magenge ya siasa za mitaani na kwa matajiri, na katika enzi yake fedha na wahuni viliingia katika mabaraza ya madiwani mpaka wenyewe wakaita hali hiyo dhahabu nyeusi. Uchafu huo ulichangia kukiangusha chama chake mwaka 2000. Pia mapenzi yake kwa Japani yalivuka mpaka. Mwaka 2015 aliandika katika jarida la Kijapani kwamba vijana wa Taiwan wa wakati wa vita waliipigania Japani kama nchi yao. Kwa kizazi chake huenda ilikuwa kweli. Lakini kwa jirani zake ambao baba zao walipigana na Wajapani huko bara, na ambao yeye mwenyewe aliwaita Wataiwan Wapya, maneno hayo yaliwafungia mlango aliokuwa ameufungua.

Machi 2000 Chen Shui-bian wa upinzani alishinda kwa asilimia 39, kwa sababu Kuomintang iligawanyika kati ya Lien Chan, mgombea wake rasmi, na yule yule James Soong aliyemsimamia Lee mwaka 1988, ambaye sasa aligombea kivyake. Wafuasi wa chama walikusanyika kwa hasira mbele ya makao makuu yao, na Lee akaachia uenyekiti. Mei akakabidhi Ikulu kwa mpinzani. Mwaka uliofuata chama alichokiongoza kwa miaka 12 kilimfukuza, kwa kukiunga mkono chama kingine. Alifariki Taipei tarehe 30 Julai 2020 akiwa na miaka 97.

Ukinijibu, nieleze unavyoliona suala la Hau, maana najua hutakubaliana nami, na hapo ndipo ninapohitaji hoja zako zaidi kuliko mahali pengine. Je, Rais anayetoka chama tawala ana njia nyingine ya kuwavua majenerali siasa, mbali na kuwapandisha? Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie mzee kwamba dua zake tunaziona.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Tanga